Koo Linapoitikia: Sauti Isiyo na Maneno katika Wimbo wa Jadi na Muziki wa Kisasa

Fungua kitabu chochote cha mazoezi ya fasihi simulizi mahali palipo na wimbo. Utakuta beti tatu au nne zilizopangwa kama shairi, na chini yake maswali tuliyoyazoea: tambua aina ya wimbo huu, taja nafsineni, eleza shughuli mbili za kiuchumi za jamii inayorejelewa. Aghalabu katikati ya beti hizo patakuwa na mstari wa sauti tupu, "hoo" au "ee" zilizorudiwa mara kadha. Mtahiniwa huuruka mstari huo. Mwalimu naye, tukisema kweli, huuruka. Ni kana kwamba tumekubaliana bila kuandikiana mkataba kwamba fasihi ni maneno tu, na kwamba pasipo na neno hapana cha kuchambua.

Makala haya yanayapinga makubaliano hayo. Nitaeleza jinsi sauti ya koo inavyofanya kazi katika wimbo wa Kimaasai, kisha nitazame yanayoipata sauti hiyo inapokutana na muziki wa kufoka, gita na roki, katika Afrika Mashariki na hata katika nchi ya barafu kule Kanada ambako wapo watu wenye sanaa inayokaribiana na hii. Hoja yangu ni kwamba sauti ya koo ni itikio. Humjibu mtu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama mseto wa jadi na usasa umefaulu asiulize tu kama gita limeingia. Aulize kama koo lingali linamjibu mtu.

Jambo hili lina uzito darasani. Hapa Kiamunyi, kando ya barabara itokayo Nakuru kuelekea Kabarak na Eldama Ravine, darasa moja la kidato cha tatu huweza kuwa na wana wa Wagikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wakisii, Waluo na mara mojamoja Wamaasai au Wasamburu. Waagize wakusanye nyimbo za jamii zao. Wa Kigikuyu ataleta kurasa mbili zilizojaa, maana nyimbo za kwao zina maneno tele. Wa Kimaasai huenda akaleta mistari minne. Ukisahihisha kwa kuhesabu mistari utampa alama mbili kati ya kumi na kuandika pembeni kwamba wimbo ni mfupi mno. Kumbe wimbo aliousikia kwa babu yake uliimbwa na watu thelathini kwa muda mrefu, na alichoshindwa kukiandika daftarini ndicho kilichoufanya wimbo. Mwanafunzi huyo ataondoka akiamini kwamba kwao hakuna fasihi ya maana.

Ikumbukwe pia kwamba jina Nakuru ni la asili ya Kimaasai, na wengi hulieleza kuwa na maana ya mahali pa vumbi. Wamaasai waliondolewa katika sehemu hii ya Bonde la Ufa kufuatia mkataba wa 1904, wakapelekwa Laikipia, kisha mkataba wa 1911 ukawahamishia kusini. Kwa hivyo mwalimu wa Nakuru anayefundisha wimbo wa Kimaasai hafundishi kitu cha ugenini.

Wimbo wa Kimaasai hujengwaje?

Wimbo wa Kimaasai, tofauti na nyimbo za majirani wengi, hautegemei ngoma. Pembe la tandala hupulizwa katika baadhi ya hafla, hasa kuwaita morani kwenye sherehe ya Eunoto, na ushanga nao hulia mtu anaporuka. Lakini ile kazi ambayo kwingine hufanywa na ngoma, ya kuushikilia mdundo ili muimbaji asipotee, hapa hufanywa na makoo ya watu.

Fanani mkuu huitwa olaranyani. Mara nyingi ni yule mwenye sauti ya kusikika au anayeujua wimbo huo kuliko wenzake. Huanza kwa kutoa mstari wa kwanza ambao huitwa namba, na mstari huo ndio unaowajulisha wenzake ni wimbo gani unaoimbwa na utakwenda vipi. Wenzake humpokea kwa mkupuo mmoja kuonyesha kwamba wamemsikia. Kisha yeye huendelea na ubeti, nao hubaki chini yake wakivuma kwa sauti nzito itokayo kooni, wengine juu kidogo na wengine chini kabisa, kila mmoja akiwa na kipande chake. Vipande hivyo vinapofungamana ndipo unaposikia kitu kama ngoma kubwa isiyo na ngozi.

Tazama pumzi sasa. Mwimbaji anapotoa pumzi kichwa huenda mbele; anapoivuta kichwa hurudi nyuma. Ule mwendo wa shingo unaoonekana katika picha za kadi za watalii si madoido. Ndio mtambo wenyewe wa sauti. Mtu akiuzuia, mdundo hauji kwa usahihi. Katika istilahi zetu tungesema kwamba uwasilishaji na ishara za mwili haviko kando ya wimbo huu. Wimbo hauwezi kuwapo bila hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo mtahiniwa anaweza kulitumia vizuri. Vitabu hutufundisha tofauti kati ya hadhira tuli, ambayo husikiliza tu, na hadhira tendi, ambayo hushiriki. Katika duara la wimbo wa Kimaasai, waitikiaji ni hadhira ya olaranyani kwa sababu wanamsikiliza, lakini papo hapo wao ndio ala yake ya muziki. Wakinyamaza, naye atanyamaza. Sioni mfano bora wa hadhira tendi katika nchi hii yote, na huwa nashangaa kwamba bado tunang'ang'ania mfano wa wasikilizaji wa ngano wanaojibu "paukwa" kwa "pakawa".

Sauti hii tuiite nini?

Wengi hukimbilia kusema kwamba ni tanakali za sauti. Hapana. Tanakali huiga mlio wa kitu: kitu kimeanguka majini chubwi, au mtu ameanguka chini pu. Mvumo wa koo wa morani hauigi chochote. Wengine husema ni takriri. Ni kweli kwamba unarudiwa, lakini kurudiwa ni sifa yake, si jina lake. Mapigo ya moyo pia hurudiwa.

Wapo watakaoiweka chini ya ngomezi. Hili ni kosa lenye akili, nami nalipenda kwa sababu linatulazimisha kufikiri. Ngomezi ni fasihi ya ngoma na ala nyingine, na imo katika silabasi yetu. Ruth Finnegan alipoandika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970 aliipa lugha ya ngoma sura nzima. Hii ina maana kwamba wataalamu walikwisha kukubali kitambo kwamba mlio usiotoka kinywani unaweza kuwa fasihi. Hata hivyo, ngoma inayozungumza huiga kupanda na kushuka kwa toni za maneno, na anayeijua lugha hiyo huweza kutafsiri ujumbe. Koo la Kimaasai halina ujumbe wa kutafsiriwa kwa njia hiyo. Ukimwuliza mwitikiaji "umesema nini?" hatakuwa na jibu, wala si kwa sababu hajui.

Mimi napendekeza tuipe jina kwa kuangalia kazi yake: ni kiitikio. Kiitikio tunachokijua ni cha maneno yanayorudiwa mwishoni mwa ubeti. Hiki ni kiitikio kisichosubiri mwisho wa ubeti na kisichohitaji neno. Mtahiniwa akieleza hivyo, akataja ni nani anaitikiwa na mdundo unashikiliwa vipi, ameonyesha kwamba anaelewa wimbo kuliko yule aliyeorodhesha mbinu saba za lugha bila mfano.

Wanawake wawili wa Kanada

Ili hoja ya itikio ionekane wazi, naomba twende mbali kidogo. Kaskazini mwa Kanada, katika eneo la Nunavut lililopata utawala wake mwaka 1999, na pia kaskazini mwa mkoa wa Quebec, wanaishi Wainuiti. Wanawake wao wana mchezo wa koo uitwao katajjaq. Wawili husimama ana kwa ana, karibu kabisa, mara nyingi wakishikana mikono. Mmoja huanza kwa sauti fupi ya koo, ya kutoa pumzi na kuivuta, na mwenzake huijaza ile nafasi ndogo iliyobaki katikati. Wanaongeza kasi. Anayeishiwa na pumzi kwanza, au anayeangua kicheko kwanza, ndiye ameshindwa. Ulikuwa mchezo wa kupitishia wakati wanaume walipokuwa mawindoni. Baadhi ya sauti huiga upepo, maji au ndege, kwa hiyo kwao lile jina la tanakali lingefaa zaidi kuliko kwa Wamaasai.

Wamishonari waliukemea mchezo huo na mahali pengine ukakatazwa. Uliponea kwa vikongwe, na tangu miaka ya mwisho ya karne ya ishirini vijana wakaanza kuurudia. Miongoni mwao Tanya Tagaq, mzaliwa wa Cambridge Bay, ndiye aliyesikika mbali zaidi. Alijifunza akiwa mwanafunzi wa sanaa katika jiji la Halifax, kwa kusikiliza kanda alizotumiwa na mama yake. Hakuwa na mwenzake wa kusimama naye, basi akalazimika kuimba peke yake sehemu zote mbili. Mwaka 2004 sauti yake ilisikika katika albamu ya Björk, mwanamuziki wa Iceland, na mwaka 2014 albamu yake iitwayo Animism ilishinda tuzo ya Polaris ya Kanada. Muziki wake una fidla, ngoma na ukali wa roki. Kundi jingine, The Jerry Cans kutoka mji wa Iqaluit, lilichanganya koo hilo na gita na akodiani, likiimba kwa Kiinuktitut nyimbo za kienyeji zilizochangamka.

Kwa nini nakuletea habari hizi za barafu, msomaji? Kwa sababu Tagaq alipobaki peke yake, mchezo ulipoteza mtu wa pili, na mtu angetarajia ufe hapo. Haukufa. Ukimsikiliza jukwaani na wanamuziki wake utagundua kwamba hawafuati nota zilizoandikwa. Wanafaragua. Koo linatoa kipande, fidla inakijibu, ngoma inaingilia kati, koo linageuka. Mwanamke wa pili nafasi yake imechukuliwa na fidla. Kuna Wainuiti ambao hawakupendezwa na namna yake, nao wana haki ya kusema hivyo kuhusu mali yao, ila kwa kipimo tulichokiweka itikio bado lipo.

Arusha: koo la Kimaasai na Kiswahili cha mtaani

Turudi nyumbani. Mfano ulio karibu nasi zaidi haukutoka Narok wala Kajiado bali Arusha, nchini Tanzania, na kwa bahati nzuri kwa walimu wa Kiswahili maneno yake mengi ni ya Kiswahili. Kundi la X Plastaz lilianza katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Lilikuwa na vijana wa mjini waliokuwa wakifoka kwa Kiswahili, na pamoja nao mwimbaji wa Kimaasai aliyejulikana kwa jina la Merege, aliyepanda jukwaani na mavazi yake na sauti ya kwao. Mwaka 2004 albamu yao ilitolewa na kampuni ya Out Here ya Ujerumani kwa jina la Maasai Hip Hop. Miaka miwili baadaye, 2006, mmoja wa nguzo za kundi hilo, Faza Nelly, aliuawa. Wakati huo walikuwa wamekwisha kuzunguka Ulaya mara kadha.

Yatazame kwanza majina ya nyimbo zao, maana hata majina yanatosha kwa kipindi kimoja cha somo. "Msimu kwa Msimu" ni takriri. "Kutesa kwa Zamu" limetumia neno kutesa kwa maana ya mtaani ya kustarehe, na papo hapo maana ya kamusi ikabaki ikinong'ona chini yake. Mwanafunzi anayetafuta mfano wa utata wa kimaana asiende mbali. "Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki" ni balagha iliyobeba mgogoro mzima wa kimaadili: je, mwenye njaa ahukumiwe kwa sheria ya walioshiba? Swali kama hilo tumekuwa tukiliuliza darasani kila tunapofundisha riwaya yenye mhusika aliyeiba kwa sababu ya umaskini.

Lakini mchango mkubwa wa kundi hili, kwa maoni yangu, uko katika mpangilio. Kufoka ni sanaa ya mtu mmoja anayejigamba au kulalamika kwa mfululizo wa maneno ya haraka. Ukikumbuka fasili ya majigambo katika vitabu vyetu utaona kwamba hawa ni ndugu. Wimbo wa morani nao umejaa majigambo. Kwa hiyo Merege anapoingia kwa sauti ya kwao baada ya mfokaji kumaliza ubeti, hatusikii kiraka kilichobandikwa. Tunasikia majigambo ya Kimaasai yakiyaitikia majigambo ya mjini. Wala hasikiki kama mapambo ya nyuma. Mfokaji humwachia nafasi kama vile waitikiaji wanavyomwachia olaranyani. Lugha mbili zinajibizana, na asiyejua Kimaasai hulielewa itikio hata kama haelewi neno.

Nina lalamiko dogo kuhusu jina la albamu. Limeuza kabila kwa wanunuzi wa Ulaya kana kwamba kundi zima lilishuka kutoka manyatani, ilhali wengi wao walikuwa vijana wa mtaani Arusha. Hilo ni jambo la biashara, na mhakiki anapaswa kulitenganisha na kazi iliyomo ndani.

Mlinganishe na hayati Mr. Ebbo, Abel Motika, aliyefariki mwaka 2011. Wimbo wake "Mi Mmasai" ulivuma Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wanafunzi wangu wa leo bado wanaujua kupitia kwa wazazi wao. Alikuwa Mmaasai, lakini alichokichukua kwao si koo. Alichukua matamshi: Kiswahili cha Mmaasai anayestaajabia mambo ya mjini na kujivunia yake. Hiyo ni kejeli na ucheshi, na kazi nzuri pia, ila ni mseto wa aina nyingine. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu athari ya wimbo wa jadi katika muziki wa kisasa asiwaweke wawili hawa kapu moja.

Wengine waliotangulia

Dodoma nako kuna jambo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyekuwa nguzo ya sanaa za jadi kule Bagamoyo, alikuwa na sauti iliyoweza kushuka hadi mvumo mzito wa koo na kupanda hadi wembamba wa kushangaza. Ngazi ya sauti za Kigogo hufuata zile sauti ndogondogo ambazo uzi wa zeze huzitoa wenyewe juu ya sauti yake kuu, ndiyo maana nyimbo zao husikika tofauti na za majirani. Mwaka 2002 alitoa albamu iitwayo Assembly pamoja na mpiga gita Michael Brook, ambaye kwa sadfa ni wa Kanada. Alifariki Desemba 2003. Albamu hiyo ina gita la umeme na mitambo mingi ya studio. Mimi huona kwamba inasimama pale ambapo zeze au ilimba ya mzee inasikika ikijibizana na koo lake, na kwamba inayumba pale ambapo mitambo inazunguka peke yake.

Kwetu Kenya, bendi ya African Heritage iliyoundwa Nairobi mwaka 1979 ilikuwa ya mapema kuziweka ala za jadi kando ya magita ya roki. Humo alipitia Ayub Ogada, ambaye baadaye alitoa albamu ya En Mana Kuoyo mwaka 1993 akiwa na nyatiti yake. Alifariki mwaka 2019. Sitakaa hapo kwa kuwa kazi yake ni ya uzi zaidi kuliko ya koo.

Kapkatet: itikio lililokosa wa kulipokea

Mfano wa mwisho uko upande wa Kericho, na ndio unaonigusa zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasia sauti, alifika Kapkatet. Huko aliwarekodi Wakipsigis wakiimba wimbo kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwanamuziki wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye sahani zake zilifika kwa gramafoni. Rodgers alisifika kwa ufundi wa koo: aliirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa na kuirudisha. Wasikilizaji wa Kipsigis walilitia jina lake katika matamshi yao na kumwazia kama nusu mtu na nusu paa. Wasichana wakamtungia wimbo ulioandamana na kinubi cha chepkong'.

Watu husimulia kisa hiki kama kichekesho. Kwangu mimi ni somo la fasihi simulizi kwa ukamilifu. Gramafoni ilileta koo lisiloweza kuitikiwa, kwa kuwa aliyeimba alikuwa ameshakufa na mashine haina masikio. Wasichana wa Kapkatet wakaliitikia hata hivyo. Walifanya kile ambacho jadi yao iliwafundisha kufanya wakisikia sauti ikiita. Wakati sisi tunawaandikia watahiniwa kwamba teknolojia imeua fasihi simulizi, hapa kuna teknolojia ya kigeni iliyozaa wimbo wa jadi, na wimbo huo ukanaswa tena na teknolojia.

Zingatia pia jinsi ulivyohifadhiwa. Katika kumbukumbu za rekodi hiyo limeandikwa jina la Chemutoi Ketienya, na waliomwitikia wakaitwa tu wasichana wa Kipsigis. Anayeita hupata jina. Wanaoitikia hupata kabila. Rekodi zilikaa Afrika Kusini kwa zaidi ya miaka sitini, hadi katikati ya miaka ya 2010 maktaba inayozihifadhi iliposhirikiana na wanamuziki wa Nairobi kuzirudisha nakala kwa jamii iliyoziimba. Uhifadhi huo ulisaidia, sikatai. Hata hivyo ulihifadhi sauti, haukuhifadhi duara.

Mtihani na tamasha

Tuseme umepewa swali la aina hii katika karatasi ya 102/3: "Nyimbo za jadi zimepoteza uhai kutokana na teknolojia. Jadili." Jibu dhaifu hukubali sentensi nzima na kuorodhesha redio, runinga, simu na intaneti kama maadui. Jibu bora huuliza kwanza uhai wa wimbo uko wapi. Je, uko katika maneno, muktadha, hadhira au utendaji? Kisha huonyesha kilichobadilika na kilichosalia. Katika kazi ya X Plastaz, kwa mfano, muktadha umebadilika kutoka sherehe hadi jukwaa na studio, dhima imebadilika kutoka kuwakusanya morani hadi kulalamikia umaskini wa mjini, na ala mpya zimeingia. Lakini muundo wa kuita na kuitikia umesalia. Mtahiniwa anayeandika sentensi ya aina hiyo, yenye kilichokwenda na kilichobaki, hajakariri.

Tahadhari moja: usiandike kwamba kila mseto ni uendelezaji wa jadi. Yapo matangazo ya biashara yanayokata sekunde mbili za mvumo wa Kimaasai na kuzizungusha kwa kompyuta chini ya sauti ya msemaji. Humo hakuna anayeita wala anayeitikia. Nasema huo ni ukopaji wa rangi tu, na mtahiniwa ana ruhusa ya kusema hivyo mradi atoe sababu.

Kwa walimu wenzangu wanaopeleka kwaya kwenye Tamasha za Muziki za Kenya, ambazo historia yake inaanzia mwaka 1927, nina la kuongeza. Kitengo cha nyimbo za jadi zilizopangwa upya kwa kwaya hupendwa, na wimbo wa Kimaasai huvutia waamuzi kwa ule mvumo. Lakini tunawapanga wanafunzi safu tatu, tunawakataza wasitikise vichwa ili safu isiharibike, na mwelekezaji anasimama mbele akiashiria kila pumzi. Waitikiaji hawamsikilizi olaranyani tena. Wanatazama mkono wa mwalimu. Mvumo unatoka ukiwa umepigwa pasi. Wapangeni nusu duara, mwacheni mwimbishaji aanze bila kuashiriwa, na shingo ziachwe ziende. Kama mwelekezaji ni lazima awepo, akae pembeni.

Na darasani zoezi ni rahisi, halihitaji hata kifaa zaidi ya simu moja yenye spika. Wape wanafunzi wimbo mmoja wa jadi na mmoja wa redioni. Wachore safu mbili daftarini: anayeita, anayeitikia. Wasiandike maneno ya wimbo kabisa, waandike tu kila sauti imetoka kwa nani na imemjibu nani. Wimbo wa Kimaasai utaijaza safu ya pili hadi karatasi iwe ndogo. Safu ya pili ya wimbo wa redioni ikibaki tupu, mwulize mwanafunzi ni nani aliyepaswa kuijaza.